Vichocheo vya kairali kwenye kibebeo kigumu: "kimetumika mara kumi" maana yake nini hasa?

Mchujo (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa walioko kwenye maabara za kemia, wanafunzi wa uzamili hasa, lakini hata wewe uliyeiacha kemia kidato cha nne unaweza kufuatana nasi. Ni mrefu, kwa hiyo kaeni mkao wa kusoma.

Kwanza msingi. Molekuli nyingi zina maumbo mawili yanayohusiana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Vidole ni vilevile, mpangilio ni uleule, ila ukijaribu kuulaza mmoja juu ya mwingine haviendani. Molekuli ya namna hiyo tunaiita kairali, na kila umbo tunaliita enantioma. Louis Pasteur ndiye aliyeyatenganisha kwa mara ya kwanza, mwaka 1848, akichambua kwa mkono fuwele za chumvi ya asidi ya tartari. Mwili wa binadamu umejengwa kwa mkono mmoja: protini zetu zimetengenezwa kwa amino asidi za kushoto. Ndiyo maana enantioma mbili za dawa moja zinaweza kufanya kazi tofauti kabisa zikishamezwa.

Mfano wa karibu na sisi ni prazikwanteli, dawa ya kichocho. Watu wa kanda ya Ziwa wanaijua, watoto wamegawiwa mashuleni miaka na miaka. Kidonge cha kawaida cha miligramu 600 kina miligramu 300 za umbo R (R na S ndiyo majina ya mikono hiyo miwili), ambalo ndilo linaloua minyoo, na 300 za umbo S ambalo halisaidii kitu, linaongeza ukubwa wa kidonge na uchungu. Ndiyo maana ikatengenezwa arprazikwanteli, yenye umbo R peke yake, kwa ajili ya watoto wadogo ambao kidonge kile kikubwa kiliwashinda. Majaribio yake ya awamu ya tatu yalifanyika Kenya na Côte d'Ivoire, na Desemba 2023 Shirika la Dawa la Ulaya likatoa maoni ya kuiunga mkono.

Sasa utapataje mkono mmoja? Unaweza kutengeneza yote mawili kisha ukatenganisha, na hapo nusu ya kazi yako inabaki pembeni. Au utumie kichocheo ambacho chenyewe ni kairali, kiuelekeze mmenyuko upande mmoja tangu mwanzo. Njia hii ya pili imeleta Nobeli mara mbili: 2001 kwa Knowles, Noyori na Sharpless kwa vichocheo vya metali, na 2021 kwa Benjamin List na David MacMillan kwa vichocheo vidogo vya kikaboni visivyo na metali. List alianza na prolini, amino asidi ya kawaida kabisa.

Tatizo ni kwamba vichocheo hivi huyeyuka pamoja na vitu vyote vingine. Mmenyuko ukiisha unabaki na mchanganyiko, na kichocheo chako cha bei kali kimo humohumo. Kama kina rodiamu au iridiamu, lazima uitoe kabla dawa haijamfikia mgonjwa. Kama ni prolini, mara nyingi umeweka asilimia 20 hadi 30 ya moli, yaani molekuli 20 hadi 30 za kichocheo kwa kila 100 za malighafi, ambayo ni nyingi mno kwa kitu kinachoitwa kichocheo.

Ndipo likaja wazo la kukifunga kwenye kitu kigumu kisichoyeyuka, tunachokiita kibebeo, mfano punje za polistaireni, silika yenye vitundu, chembe za oksidi ya chuma zinazovutwa na sumaku. Ukimaliza unachuja, unaosha, unatumia tena. Wazo si jipya. Mwaka 1956 Akabori na wenzake kule Japani waliweka paladiamu kwenye protini ya hariri wakapata haidrojenisho lenye kupendelea mkono mmoja. Mwaka 1963 Merrifield alionyesha jinsi ya kujenga peptidi juu ya punje za polistaireni, na mwaka 1973 kundi la Kagan, Ufaransa, likafunga changamano la rodiamu kwenye polima ya aina hiyo. Mwaka 2006 kundi la Pericàs kule Tarragona, Hispania, lilifunga haidroksiprolini kwenye polistaireni na kufanya mmenyuko wa aldoli ndani ya maji.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi. Fungua makala yoyote ya eneo hili utaona jedwali la mavuno, yaani asilimia ya bidhaa iliyopatikana: mzunguko wa 1, mavuno 99, wa 2, 99, wa 3, 99, mpaka wa 10, mavuno 97. Chini yake sentensi inayosema kichocheo kimetumika mara kumi bila kupoteza nguvu kwa kiasi cha kutajika. Nasema jedwali la namna hiyo halithibitishi hivyo, na hesabu ni hii hapa.

Chukua mmenyuko ambao kasi yake inafuata kiasi cha malighafi kilichobaki. Kichocheo kikiwa kipya unafika asilimia 99 ndani ya saa 4. Lakini wewe, kwa kujihakikishia, unauacha usiku kucha mpaka saa 24 zitimie. Sasa tuseme kila unapochuja na kuosha, kichocheo kinapoteza moja ya tano ya nguvu yake. Hilo ni anguko kubwa. Je, jedwali lako litaonyesha nini?

Ukipima baada ya saa 24, mzunguko wa kwanza utakuwa 99 na zaidi. Wa pili 99. Wa tano 99. Wa tisa bado 99. Wa kumi ndiyo unashuka hadi 97 na nusu. Wakati huo kichocheo kimebakiwa na asilimia 13 tu ya nguvu yake ya awali!

Pima sasa kichocheo hichohicho baada ya saa 1: mzunguko wa kwanza asilimia 68, wa pili 60, wa tatu 52, wa nne 45, wa tano 38, na wa kumi 14. Kichocheo kimoja, majedwali mawili, na picha mbili zisizofanana hata kidogo. Tofauti ni saa uliyochagua kuchukua sampuli.

Muda mrefu na kichocheo kingi vinaficha kifo cha kichocheo. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kimebaki hai, pima kasi ya mwanzoni, malighafi ikiwa bado nyingi. Hili limeshaandikwa na wakubwa wa fani. Christopher Jones wa Georgia Tech aliliandikia makala nzima mwaka 2010, na bado majedwali ya saa 24 yanaendelea kuchapishwa.

Karibuni tujadili.

---

Binti_Maabara

Asante sana mkuu, uzi umenikuta pabaya. Nipo kwenye tasnifu, nina prolini iliyofungwa kwenye polistaireni, na nimeelekezwa nionyeshe mizunguko kadhaa. Maswali mawili. Moja, nikitumia metanoli mmenyuko unakwenda taratibu mno, kwenye daikloromethani unakwenda vizuri. Ni kiyeyushi tu au kichocheo kimekufa? Pili, punje zangu zinazidi kuwa unga kila nikichuja, na chujio linaziba.

---

Mchujo

Dada, kuhusu metanoli: rezini ya Merrifield, yaani hizo punje zako, ni minyororo ya polistaireni iliyofungamanishwa kwa divinilibenzini kidogo, mara nyingi asilimia 1. Sehemu kubwa ya kichocheo chako haiko juu ya ngozi ya punje, iko ndani. Malighafi lazima ipenye. Daikloromethani, toluini, tetrahaidrofurani na DMF huvimbisha punje, njia za ndani zikafunguka. Metanoli na maji haviivimbishi, punje inabaki imejikunja na prolini yako imefungiwa humo. Kwa hiyo usikitangazie kifo. Kirudishe kwenye daikloromethani upime kasi. Ikirudi pale ilipokuwa, kichocheo kizima.

Utauliza kundi la Tarragona liliwezaje ndani ya maji. Pale malighafi za kikaboni zenyewe zinaingia kwenye punje kwa sababu hazipendi maji, na kiunganishi cha triazoli kati ya polima na prolini kinasaidia. Usichukue matokeo yale ukadhani yatajirudia kwenye rezini yoyote.

Kuhusu unga: hicho ni kijisumaku cha kukorogea, kinasaga punje dhidi ya chini ya chupa. Acha kukoroga, tumia mashine ya kutikisa, au weka chupa kwenye kifaa kinachozungusha polepole. Wengi wanapoteza kichocheo namna hii, kinapita kwenye chujio kikiwa vumbi, halafu wanaandika kwamba kemia yake imechoka. Pima uzito wa rezini iliyokaushwa kila mzunguko. Kama uzito umepungua, rekebisha hesabu kabla ya kusema lolote kuhusu nguvu.

Na kabla sijasahau, hesabu ya kiasi. Kama rezini yako ina milimoli 1 ya prolini kwa gramu, na unafanya mmenyuko wa milimoli 10 kwa asilimia 10 ya moli, unahitaji gramu nzima ya rezini. Hiyo ikivimba inakunywa kiyeyushi kingi. Panga chupa mapema.

---

Kivu_Yetu

Salamu kutoka Bukavu. Nimeona mmetaja prolini na metali, lakini kuna kichocheo cha kairali ambacho huku kwetu kinaota mlimani, yaani kwinini. Miti yake ilipandwa Kivu tangu wakati wa Wabelgiji na mpaka leo magome yanavunwa na kusindikwa hapa mjini kwa ajili ya dawa ya malaria.

Watu wachache wanajua kwamba kwinini ni katika vichocheo vya zamani kabisa vya fani hii. Mwaka 1912 Bredig na Fiske, Ujerumani, waliitumia kuongeza haidrojeni sianidi kwenye benzaldihaidi na wakapata mkono mmoja ukizidi mwingine. Kidogo tu, lakini walipata. Tena gome moja lina kwinini na kwinidini. Hizi mbili katika sehemu zinazofanya kazi ya uchocheo ni kama mkono na mwenzake, kwa hiyo ukitaka umbo R unatumia moja, ukitaka S unatumia nyingine. Prolini haikupi hilo kirahisi, umbo lake la kulia inabidi ulinunue ghali.

Na kwa kibebeo kigumu: Orito na wenzake, Japani, mwaka 1979 walichukua platinamu iliyoko juu ya kigumu wakaipaka sinkonidini, ndugu yake kwinini, wakafanya haidrojenisho la keto-esta lenye mkono mmoja kwa kiwango cha juu. Hapo alkaloidi haijafungwa kwa kifungo cha kemia, imejilaza tu juu ya metali. Ukitaka iendelee kufanya kazi unaongeza kidogo kila mara. Nauliza, hiyo nayo tuihesabu kuwa kichocheo kinachorudiwa?

---

Mchujo

Ndugu wa Bukavu, umenifurahisha. Jibu langu: platinamu inarudiwa, alkaloidi hairudiwi, na mwandishi aseme hivyo waziwazi. Kama kila mzunguko unaongeza sinkonidini mpya, gharama yake iingie kwenye hesabu. Sinkonidini ni rahisi ikilinganishwa na ligandi za fosfini (molekuli zinazoshika metali na kuipa mkono), kwa hiyo huenda bado ni biashara nzuri, lakini namba zionekane.

Kuna mfano unaofanana kwenye vichocheo vya diarili-prolinoli, ndugu za prolini, vyenye kofia ya silili. Kofia ile huvunjika taratibu na nguvu inashuka. Unaweza kuirudisha kwa kuitibu rezini upya na kitendanishi cha silili. Hiyo ni sawa kabisa, ila ni hatua ya ukarabati na iandikwe kama ukarabati.

---

Fundi_Reakta

Wadau, mimi niko upande wa viwanda, Nairobi, na nitasema jambo ambalo halitawapendeza. Kufunga kichocheo kwenye kigumu si lazima kuwe na faida. Angalieni metolakloa, kiuagugu cha mahindi. Umbo lake la S hutengenezwa tangu 1996 kwa kichocheo cha iridiamu na ligandi ya ferosini, kiwango cha zaidi ya tani 10,000 kwa mwaka. Kile kichocheo kinayeyuka, hakijafungwa popote, na hakirudiwi. Lakini kila atomu ya iridiamu inageuza molekuli zaidi ya milioni 1. Ukiwa na namba hiyo, kichocheo ni sehemu ndogo sana ya gharama, nani ahangaike kukichuja?

Sasa chukua prolini ya dada hapo juu. Kwa asilimia 20 ya moli, kila molekuli ya kichocheo inafanya kazi mara 5 kwa mzunguko. Mizunguko kumi ni mara 50. Hamsini dhidi ya milioni! Neno "inarudiwa" lisitufumbe macho.

---

Mchujo

Mkuu, kwa hesabu hiyo sina ubishi, na ningependa kila jedwali la mizunguko liwe na safu moja ya ziada, jumla ya kazi iliyofanywa na kila molekuli ya kichocheo tangu mwanzo hadi mwisho. Safu hiyo peke yake ingepunguza makelele mengi.

Ila usiwaondoe vigumu uwanjani. Metolakloa ilifika pale kwa sababu mmenyuko ule umechongwa miaka mingi kwa ajili ya bidhaa moja ya tani maelfu. Dawa nyingi hazina tani hizo wala miaka hiyo. Na kwenye vimeng'enya, kibebeo kigumu kilishashinda zamani: mwaka 1969 kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani ilianza kutumia kiwandani aminoasilasi iliyofungwa kwenye kibebeo, kutenga amino asidi za kushoto. Hiyo ni kemia ya mkono mmoja, na ilitembea kwenye mirija mfululizo.

---

Sampuli_Moto

Niongeze suala la kuvuja, maana hapo ndipo nimeona watu wakibishana hadi kwenye utetezi wa tasnifu. Kama kichocheo ni cha metali, metali inaweza kung'oka kutoka kwenye kibebeo, ikaingia kwenye kiyeyushi, na hiyo iliyong'oka ndiyo ikafanya kazi yote. Mwandishi anaisifu rezini, kumbe rezini ni ghala tu.

Kipimo: mmenyuko ukifika nusu, chuja ukiwa bado na joto lake lilelile, kisha acha kile kimiminika kilichochujwa kiendelee bila kigumu. Kikiendelea kugeuka, kuna metali iliyovuja. Msisitizo uwe kwenye joto. Ukisubiri kipoe, metali inaweza kurudi kujishika kwenye kigumu na kipimo kikakuambia hakuna kitu. Kipimo kikitoka safi pia si mwisho wa habari, kwa sababu metali iliyovuja inaweza kuwa imekufa papo hapo. Kwa hiyo pima pia kiasi cha metali kwenye bidhaa. Kwa dawa za kumeza, mwongozo wa kimataifa unaruhusu mikrogramu 100 za paladiamu kwa siku.

---

Mchujo

Umesema vizuri sana, na naongeza upande wa mkono, kwa sababu kuna hitilafu ambayo mavuno hayaioni kabisa.

Silika ina vikundi vya haidroksili juu yake, na hivyo ni asidi dhaifu. Vinaweza kuchochea mmenyuko vyenyewe, na vyenyewe havina mkono. Kichocheo cha kairali kikiwa kipya kinakwenda kasi kuliko ukuta wa silika, unapata ziada nzuri ya mkono mmoja, yaani asilimia ambayo mkono huo unauzidi mwenzake. Kikidhoofika, ukuta unachukua kazi. Mavuno yanabaki 95 yaleyale, lakini ziada ya mkono inateremka 94, 90, 81. Mtu anayeripoti mavuno tu hatajua. Dawa ya hilo ni kuvifunika vile vikundi kwa trimethilisilili kabla ya kuanza, na daima kufanya jaribio moja kwa silika tupu isiyo na kichocheo. Jaribio hilo la tupu ni la lazima.

---

Mtiririko

Mbona hakuna aliyetaja mirija? Tafuteni kazi ya Shū Kobayashi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Nature 2015. Walitengeneza rolipram, molekuli ya dawa, kwa mtiririko, malighafi zinaingia upande mmoja, zinapita mirija minne iliyojazwa vichocheo vigumu, bidhaa inatoka upande wa pili, bila kutenga chochote katikati. Mrija unaochagua mkono ulikuwa na kalsiamu kwenye ligandi ya kairali iliyofungwa kwenye polima. Wakitaka umbo la pili la dawa wanabadilisha mrija huo mmoja tu.

Na kwenye mtiririko huwezi kujificha nyuma ya saa 24. Kichocheo kikichoka unakiona kwenye bidhaa inayotoka siku hiyohiyo.

---

Mchujo

Ndiyo, na kalsiamu ni metali ya bei nafuu, jambo ambalo naliheshimu kuliko hata idadi ya hatua.

Lakini kwenye mrija pia unaweza kujificha, kaka. Ukiweka mrija mrefu kupita kiasi, au ukasukuma polepole mno, mmenyuko unaisha kwenye robo ya kwanza ya mrija. Robo tatu zilizobaki hazina kazi. Kichocheo cha mbele kikifa, cha nyuma kinapokea, na kinachotoka mwishoni kinaendelea kuwa 99 kwa siku nyingi. Siku eneo hai likifika mwisho wa mrija ndipo kila kitu kinaanguka kwa mkupuo. Ni jedwali lilelile la saa 24 limevaa nguo nyingine. Tiba ni kuongeza kasi ya mtiririko mpaka ugeuzaji uwe kama asilimia 50, kisha utazame unashukaje.

---

Binti_Maabara

Nimeelewa mkuu. Swali la mwisho. Chuoni kwetu hatuna mashine ya kupima metali, na safu ya kairali ya kromatografia, ile inayotenganisha enantioma, tunaisubiri kwa foleni. Nifanyeje?

---

Mchujo

Prolini yako haina metali, kwa hiyo mzigo mmoja umeshautua. Ili kupima kasi, unahitaji saa na karatasi za TLC (kromatografia ya tabaka jembamba) kukuonyesha mwelekeo, na NMR (mashine inayosoma molekuli kwa sumaku) kwa namba zenyewe. Chukua sampuli dakika ya 15, 30, 60 na 120, mzunguko wa kwanza na kila mzunguko unaofuata, joto lilelile, kiyeyushi kilekile. Kila sampuli ichuje papo hapo kwenye kipande cha pamba ili punje zisiendelee kufanya kazi ndani ya chupa ndogo ikisubiri zamu ya mashine.

Kwa upande wa ziada ya mkono, polarimita (kifaa kinachopima jinsi bidhaa inavyozungusha mwanga) inakutosha kufuatilia kama ziada inashuka kati ya mzunguko na mzunguko, ilimradi bidhaa uisafishe kwa namna ileile kila mara na mkusanyiko uwe uleule. Uchafu unapotosha kipimo. Kisha peleka kwenye foleni ya safu ya kairali mzunguko wa kwanza, wa kati na wa mwisho.

Na kama utataka kibebeo cha silika baada ya hapa, usidhani lazima uagize nje. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumia mafuta ya ganda la korosho kama kiolezo cha kuunda silika yenye matundu makubwa, na mwaka 2011 wakachapisha kazi ya kufunga kimeng'enya invatasi juu yake. Haikuwa kemia ya mkono mmoja, lakini matundu makubwa ndiyo unayoyahitaji kwa molekuli nene kama alkaloidi za Kivu.

Ukishapata namba za dakika 15 na 30 za mizunguko mitatu ya kwanza, ziweke hapa tuzichore pamoja.